Kazi Zilizobaki kwa Jina la Kandida

Dada Kandida,

Shikamoo. Najua marahaba sitaipata, lakini nimelelewa Singida na siwezi kuanza na habari za mfumo kabla ya salamu, hata kama wewe ndivyo ulivyokuwa. Ulikuwa unaingia ofisini na baridi ya Mbinga bado iko kwenye koti lako, unatupita wote kama viti, unawasha skrini, halafu unauliza, "Zimeamkaje?" Wageni walidhani unaulizia watoto. Kumbe unaulizia kazi za mfumo, zile zinazopanga foleni alfajiri: kukusanya maombi ya dawa kutoka zahanati, kuyalinganisha na mzigo ulioko stoo, kuyapangia gari, kuchapa hati. Ikiwa zote zimepita, ndipo unatugeukia na kutuamkia.

Nakuandikia kwa sababu tumeshinda, dada. Nataka uisikie habari hii kutoka kwangu kabla Mzee Ndunguru wa stoo hajakufuata huko na habari aliyoitia chumvi.

Tulikuzika kwenu Lipingo, kando ya ziwa. Kwaya yenu iliimba mpaka mimi Mwislamu nikajikuta naitikia kiitikio. Mdogo wako Imelda hakulia mbele yetu. Muuguzi ni muuguzi tu, alikuwa anazunguka kuuliza nani hajapata maji. Siku ya kuanua matanga nilirudi tena. Ndugu zako waligawa nguo zako, khanga kwa shangazi, viatu kwa Imelda, na mimi nilikuwa nimekaa nyuma kabisa nikila samaki wa watu, mbasa wa ziwani, mara shangazi yako akasema, "Na huyu wa kazini apewe." Nikapewa lile sweta la kahawia. Nimelivaa sasa hivi. Linaniwasha shingoni na silivui.

Nyumbani kwenu hakuna kitu chako kilichobaki bila mtu wa kukitunza. Ofisini sisi tulifunga akaunti yako, basi. Ndio utaratibu, mtu akiondoka jina lake linafungwa, na hakuna aliyekosea. Ila kazi zote za zahanati za ziwani ulizitengeneza wewe kwa mkono wako, na kila moja ilikuwa inaendeshwa kwa jina lako. Jina lilipofungwa, nazo zikakaa chini.

Na zilikaa kimya. Wewe unajua, kazi ikianza halafu ikaanguka inaonekana nyekundu. Isiyoanza kabisa haionekani popote. Skrini ilikuwa kijani kitupu, na mimi kila asubuhi nilikuwa naitazama nasema moyoni, dada angeniona.

Ndipo Imelda akapiga simu kutoka zahanati yake ya Lipingo. Hakunilaumu. Aliniuliza tu kama gari la ziwani limebadilishwa siku, maana maombi yake aliyatuma zamani na hajaona kitu, na sindano za kuzuia damu kwa akina mama waliojifungua zilikuwa zimebaki za kuhesabu kwa vidole. Akasema mawingu yanajikusanya. Barabara ya udongo baada ya Mbamba Bay unaifahamu kuliko mimi, mvua ikishika gari halifiki, na gari lilikuwa linaondoka siku ileile.

Nikakimbilia kwenye foleni. Nikayakuta maombi yote ya ziwani yamelala, yanasubiri. Nikafungua maelezo ya kazi ya kwanza nikayasoma mpaka chini, na mstari wa mwisho ulisema mwenye kazi hayupo.

Nililia, dada. Sikukusudia. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti chako.

Meneja alipokuja aliuliza suluhisho, na makao makuu kwenye simu walikuwa nalo tayari: tufungue tena akaunti ya marehemu, kila kitu kitaamka papo hapo. Kweli kingeamka. Lakini kila hati ya mzigo inachapwa na jina la mwenye kazi pale chini, na hati ya Lipingo anaisaini Imelda. Angepokea boksi la dawa limetolewa na dada yake kwa tarehe ya leo, na kaburi lake analipita kila siku akienda kazini.

"Zuhura, watu wanataka dawa. Jina ni jina tu," meneja alisema.

"Atakayelisoma ni Imelda," nikamjibu.

Si mtu mbaya, unamjua. Akatazama nje, wapakiaji walikuwa wanapandisha mzigo wa Mpepai. Akasema wakimaliza kuufunga na wa ziwani haujapata hati, yeye mwenyewe atafungua akaunti yako na nisimnunie. Nikakubali. Akaongeza kwamba njia ya haraka zaidi ni kuzihamishia kazi kwenye jina langu. Nikamuuliza, na mimi nikifa je? Hakulipenda hilo swali.

Basi nikafungua akaunti isiyo ya mtu, nikaiita Dawati la Usambazaji, halafu nikawaita wote. Nikawaambia nguo za Kandida ziligawiwa, kazi zake hatukugawa, na leo tunagawa. Walicheka kidogo, halafu wakavuta viti. Kulinganisha stoo akachukua Mzee Ndunguru, aliyekuwa ameshika kipanya kama ameshika kifaranga. Kupanga gari na kuchapa hati akachukua Salome wa usafiri. Kukusanya maombi nikachukua mimi. Kila mtu akakaa karibu na mwenzake ili kila kazi ijulikane na wawili. Tukazihamisha moja moja kwenda kwa Dawati. Ya kwanza ikapita.

Ya pili, ya kulinganisha stoo, ikaanguka. Nyekundu kama pilipili.

Nje wapakiaji walikuwa wameshatandika turubai. Mzee Ndunguru akasema tuzime kila kitu tuwashe upya, dawa yake ya siku zote. Nikamshika mkono. Mistari ya juu ililalamikia mtandao, kama kawaida yake ya kusingizia. Nikashuka nayo. Chini kabisa nikaona Dawati halina ruhusa ya kutazama stoo ndogo ya Mbamba Bay. Ruhusa hiyo ulikuwa nayo wewe peke yako, sijui uliipata lini, na hukuwahi kusema! Nikawapigia makao makuu. Wakaanza kuniambia niandike barua. Meneja akaninyang'anya simu, na maneno aliyowaambia sitayaandika kwa marehemu. Ruhusa ikaja.

Nikaianzisha pale ilipoangukia, si mwanzo. Unakumbuka nilivyowahi kuianzisha mwanzo, Mpepai wakapelekewa dripu mara mbili, ukacheka mpaka ukashika ukuta? Safari hii hapana. Ikaanza, ikasita, nasi tukasita nayo. Halafu foleni ikasogea, dada. Lipingo ikapita. Zikafuata nyingine za ziwani, moja nyuma ya nyingine, na printa ya stoo ikaanza kupiga kelele. Salome akapiga vigelegele katikati ya ofisi ya serikali. Mzee Ndunguru akatoka mbio na hati mkononi akiwaambia wapakiaji wafungue turubai. Meneja aliniangalia, akasema tu, "Haya bwana." Kwa yule, hiyo ni medali.

Gari likaondoka na mizigo yote. Mvua ilinyesha lilipokuwa limeshafika.

Kesho yake Imelda akapiga tena. Kulikuwa na mama amejifungua usiku, damu ikakataa kukata, wakafungua boksi letu palepale wakamchoma sindano. Mama mzima, mtoto mzima. Nilidhani ameishia hapo.

"Ile hati," akasema, "niliigeuza huku naogopa kukutana na dada. Nikakuta Dawati la Usambazaji. Nikasaini."

Akakata simu haraka. Nadhani ndipo alipolia.

Leo asubuhi nimefuta akaunti yako. Niliahirisha, nikanywa chai, nikaahirisha tena. Mfumo haukubali kumfuta mtu ambaye bado ana kazi, kwa hiyo ukatafuta kwanza, ukatafuta sana. Kisha ukaandika kwamba hakuna kazi iliyobaki kwa jina la Kandida.

Umemaliza, dada yangu. Pumzika, hata kompyuta imekuruhusu. Nami nakuahidi hakuna mama wa ziwani atakayekosa dawa kwa sababu mmoja wetu hapa amekufa, hata siku huyo atakapokuwa mimi.

Mdogo wako wa kazini,
Zuhura