Ubavu wa Kulia wa Chombo cha Mama Shek

Maelezo ya shahidi, yameandikwa kituo cha polisi, Shau Kei Wan, Hong Kong, tarehe 17 Juni 1941, saa tatu asubuhi.

Jina: Kwok Tim-hei. Umri: miaka 52. Kazi: fundi wa kukalafati (kuziba nyufa) vyombo vya mbao. Makazi: nyuma ya karakana ya vyombo, Shau Kei Wan.

Mnamo tarehe 6 Mei, saa moja na nusu asubuhi, maji yakiwa yamekupwa, niliwasha majani makavu chini ya chombo cha uvuvi cha Mama Shek Dai-mui. Humo wanaishi watu saba. Kila mwezi tunachoma tumbo la chombo kuua mdudu anayetoboa mbao. Mwali unapita haraka. Ubao unapata joto, hauungui. Sikung'oa ubao wala kupiga msumari.

Nilikuwa nimemaliza ubavu wa kushoto alipofika Bwana Pennock, mkaguzi wa serikali, na mkalimani wake. Aliuliza kibali kiko wapi, kwa kuwa tangu vita vianze hakuna chombo kinachoundwa wala kutengenezwa bila kibali. Nilisema hatutengenezi, tunachoma.

Mama Shek alikuwa juu, sitahani. Alimwambia mkalimani, "Mwulize bwana wako, akinyoa ndevu anaomba kibali?"

Wavuvi waliokuwa karibu walicheka. Mkaguzi alitaka kujua wanacheka nini. Mkalimani alimjibu kwamba mama anamsalimia.

Niliomba nimalize ubavu wa kulia. "Dakika ishirini tu, bwana mkubwa." Alisema kielelezo cha kesi hakiguswi. Saa saba mchana, maji yalipojaa, chombo kilivutwa hadi kwenye boya la serikali. Mama Shek alishtakiwa kwa kutengeneza chombo bila kibali. Akipatikana na hatia, chombo kinachukuliwa. Tangu siku hiyo watu wake wanalala kwa jamaa, wawili huku, watatu kule.

Jana, tarehe 16 Juni, saa nne asubuhi, Konstebo Tsang alinipeleka kwenye chombo hicho niseme kama kulifanyika matengenezo. Siku arobaini na moja zilikuwa zimepita. Nilikuwa na hamu ya kuona. Katika miaka thelathini na minne ya kazi sijapata kukutana na chombo kilichochomwa upande mmoja.

Tulishuka ngamani, chini kabisa ndani ya chombo. Niligonga ubavu wa kushoto kwa nyundo ya mti; ulilia kama ubao mzima. Wa kulia ulilia kama kibuyu. Konstebo aliomba nyundo, akagonga mwenyewe kushoto, kulia, kisha akarudia.

"Fundi, hiki ni chombo kimoja kweli?"

"Ni kimoja."

Niliegemeza patasi kwenye ubavu wa kulia. Ilizama bila nyundo, na nilipoichomoa maji yakaifuata.

"Ziba, mzee! Ziba!"

Nilimwuliza kama ana kibali.

"Ziba kwanza, utanitania nchi kavu!"

Niliziba kwa nyuzi na chokaa iliyokandwa kwa mafuta. Mbao sita za upande huo hazifai tena.

Matengenezo niliyowahi kuyafanya kwenye chombo hicho mwaka huu ni kuziba tundu hilo moja, jana, kwa amri ya polisi. Sina zaidi ya hayo.

(Dole gumba la shahidi)

Shahidi amesomewa maelezo haya kwa Kikantoni na kuyakubali. Nilimshauri aondoe habari ya tundu. Amekataa.

Sajenti Lau Wing-cheung