Filta ya Gari la Papa

Jumamosi, 17 Mei

Leo nitaandika yote, hata yale yaliyonitia hofu. Nimebadilisha mafuta ya injini mimi mwenyewe! Ni ya lile basi dogo ambalo Papa ameweka kitanda ndani, alale humo akienda Bafwasende kununua mpunga.

Nilipojilaza chini ya gari, Tonton Saidi, mdogo wake Papa, alinicheka. “Eh, mama fundi! Hii haiko mafuta ya kukaanga ndizi za makemba!”

“Bon, tonton, basi unishikilie beseni.”

Nilitoa filta ya zamani. Kabla ya kufunga mpya nilipapasa mahali pake, nikakuta mpira wa ile ya zamani umebaki umeng'ang'ania injini. Ningefunga juu yake, mafuta yangevuja, na Papa angekwama peke yake msituni. Niliubandua kwa kucha.

Tonton aliuangalia, akaacha kucheka, akamwita Papa, kaka yake. “Yaya, kuja uone! Huyu mutoto iko fundi kabisa.”

Nilipokwisha kufunga filta mpya na kumimina mafuta mapya, Papa aliwasha injini, akachungulia chini. Hakuna hata tone. Akaniachia ufunguo nizime mwenyewe.

Kesho anaondoka. Bado nina wasiwasi kidogo, lakini mikono yangu inanuka mafuta na sitaki kuinawa tena.

Papa, ukirudi salama unijibu: safari ijayo, utanichukua?