Alama za Kabula Tumezipeleka Juani

Migato, Septemba 1997

Baba Kabula,

Mwangaluka. Najua huwezi kuniitikia, lakini nikianza bila salamu utasema nimekosa adabu.

Jina la Kabula limetoka gazetini. Udaktari, Dar es Salaam. Mdogo wako Masanja alilisoma kwa sauti sokoni Lagangabilili, mpaka muuza chumvi akamwuliza kama anapiga mnada.

Ilibaki kidogo tupotee. Matokeo ya kidato cha sita yalimpa B ya Baiolojia, B ya Kemia na D ya Fizikia. Mimi wa darasa la saba nilipiga vigelegele. Yeye alinuna. Nkwimba, rafiki yake wa dawati moja, alikuwa na A tupu. Ulipofika wakati wa kuomba chuo, Kabula akataka chaguo la kwanza liwe ualimu, kazi ambayo hakuwahi kuitamani. "Mama," akaniambia, "udaktari wanaugombania. Alama zangu ni fifi."

Fifi! Nikakuona wewe kwenye turubai letu la pamba. Unakumbuka msimu ule ulipochambua kando ya rundo la jirani, pamba yake nyeupe kama maziwa, ukaiona yetu yote mbovu ukaijaza kwenye gunia la fifi, la daraja la pili? Karani wa chama cha ushirika alitia mkono guniani akasema, "Mzee, nani kakudanganya? Hii ni safi." Ulijicheka njia nzima. Tangu hapo hukutazama tena rundo la mtu. Ulishika konzi, ukaitoa juani, ukailinganisha na ile uliyobakiza kutoka gunia lililokubaliwa.

Basi nikamwambia mtoto, rundo la Nkwimba tuliache. Tukaenda shuleni kwake. Mwalimu wa taaluma akatusomea alama za waliomtangulia, walioomba udaktari mwaka jana. Wengi waliopokelewa walimzidi. Wawili waliopokelewa walikuwa sawa naye kabisa. Mmoja, aliyekuwa chini yake kidogo, aliachwa.

"Zinafaa, mama," akasema, "ila ataingia akiwa mkiani."

Kabula akainamisha kichwa. Mimi nikatoa lile neno ulilopendaga kusema: ng'ombe akiingia zizini, mkia haubaki nje. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Kabula naye akacheka, akaandika udaktari chaguo la kwanza na ualimu la pili, hapo hapo mezani.

Siku hizi wanunuzi binafsi wanakuja na malori mpaka uani. Safi na fifi wanazoa pamoja, bei moja. Majirani wameacha kuchambua, wananitania kwamba naiosha pamba nyuso. Jana nilitandika turubai, tukachambua wawili. Mwanao akashika konzi akaitoa juani, kiganja kikainama vile vile kama chako. Sikuwa nimemfundisha. Nikaingia jikoni. Nilimwambia ni moshi.

Ni furaha, Baba Kabula. Ni furaha tu, ila ilikosa mtu wa kuipokea upande wa pili wa turubai.

Akiondoka nitachambua peke yangu, nakuahidi, hata kama lori litachanganya yote. Na yeye sitamwacha arudi nyuma kwa kutazama rundo la mwenzake.

Ulimwita Kabula kwa sababu ya mvua iliyonyesha alipozaliwa, ukasimama nje ukiloa na kucheka. Akipanda basi, mkumbuke.

Na mimi pia, unikumbuke.

Wabeja, asante kwa yote. Pumzika.

Mama Kabula