Kioo cha Pipa la Kuchanganyia

4 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini u mzima na mgongo umepunguza kelele. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu, anauliza mbona umekuwa adimu.

Simu zako nimeziona. Naona heri niandike.

Kiwandani wamemweka mtu mwingine kwenye pipa lako la kuchanganyia unga wa dawa. Ana mikono myepesi, ila haongei na mtu. Mimi bado niko na kifaa changu cha mwanga. Natazama mstari kwenye kompyuta. Ukiacha kurukaruka, najua dawa imeenea sawasawa kwenye unga, nasema simamisha.

Tangu ulipoachishwa kazi mwezi wa kumi nataka kuja kukuona. Kila Jumapili sikosi sababu.

Mpwa wako

19 Machi

Bi Taa wangu,

Marahaba. Mgongo umetulia, sasa ni zamu ya magoti. Usijisumbue kuja, kazi naijua. Hapa mtaani wamenichoka kwa kukusifia: yule anayesoma unga kwa mwanga ni mtoto wa dada yangu, mimi ndiye niliyempeleka pale!

Nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Walisema nilimimina mfuko wa dawa bila kuuchekecha, ukabaki madonge, ndiyo maana kidonge kimoja cha presha kilikuwa na dawa maradufu na kingine karibu kitupu. Bahati vyote viliteketezwa kabla ya kutoka. Nilikataa katakata. Lakini kifaa chako kilionyesha mambo sawa, na kifaa hakina sababu ya kunionea. Nimeanza kuamini. Juzi mke wangu aliniomba nimpimie dawa ya kikohozi, nikamrudishia kijiko. Nilimwambia mikono yangu siiamini tena.

Mjomba wako

22 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako niliisomea stoo, nimesimama, nikashindwa kuimaliza.

Uliuchekecha ule mfuko. Nilikuona, nilikuwa hatua tano tu kutoka kwako.

Mwanga unaingia ndani ya pipa kupitia kidirisha cha kioo. Nilitakiwa kukikagua kabla hatujaanza. Nilitia saini kwamba nimekagua, nikaenda kunywa chai. Pipa lilipofunguliwa nikakuta unga umeganda kwenye kioo kama chokaa ukutani. Kifaa kilikuwa kinasoma unga uleule ulioganda, ndiyo maana mstari ulitulia. Wa ndani ulikuwa bado haujachanganyika. Mimi nikasema simamisha, wewe ukasimamisha.

Nikapangusa kioo kwa mkono wa koti. Walipokuita ofisini nilikuwepo, kiti cha pili. Ulinitazama mara moja tu, kama unanituliza mimi.

Mjomba, nina aibu hata ya kukuomba msamaha.

Mpwa wako

7 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Hujajibu, na sikulaumu.

Ilinichukua wiki sita kufika kwa meneja. Kila asubuhi nilifika mlangoni kwake nikajifanya natafuta choo. Jumatatu niliingia. Wamenitoa kwenye kifaa, wamenipeleka kufunga maboksi. Jana nilisimama mbele ya zamu yetu nikasema yote. Mama mfagiaji akauliza: "Na yule mzee, umeenda kwake?"

Nilisema nimeandika.

"Sikuuliza kuandika," akasema.

Watakutumia barua ya kukurudisha kazini.

Mpwa wako

30 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Magoti ni yaleyale.

Jana nimerudi. Mfuko wa kwanza niliuchekecha mara mbili. Wa pili mara moja. Nilikuona kwenye maboksi, ukainama haraka. Acha kuinama, utakosea kuhesabu maboksi.

Kosa la kioo nilikusamehe siku ileile niliyosoma barua yako. Pale hakuna asiyewahi kutia saini asichokiona, hata mimi. Lakini ile miezi mitano uliyoniacha niamini kwamba nimechakaa, hiyo bado sijajua niiweke wapi. Nilikuwa nakusifia kwa watu, nawe unajua.

Kazini tutasalimiana kama kawaida. Nyumbani usije kwanza. Siku nitakapoweza, nitakuja kukuita mwenyewe.

Bado ni mjomba wako