Saa Ishirini na Nne za Bosi

Kakangu,

Huku hatujambo. Ofisi imepakwa rangi, na bosi wetu kapata kiti kipya kinachozunguka bila kwenda popote, kama akili yake.

Unajua kazi yetu ni kusambaza data za utabiri wa hali ya hewa kwa vituo vyote, hata hicho cha bondeni kwenu. Mwaka huu mafaili yamenenepa mara nne. Nilimwambia bosi seva hazitatosha. Akashika kikokotoo, akagawanya mzigo wote kwa saa ishirini na nne, akacheka.

"Dada, mbona nafasi tele?"

Zuzu lile! Vituo vyote huvuta data dakika ileile utabiri unapotoka.

Siku ya mvua kubwa seva zikazidiwa, na onyo la mafuriko likafika kituoni kwenu maji yakiwa yameshaingia ndani. Bosi anasema, bila haya, kwamba kosa ni la mtandao wenu.

Tulipomzika Mama uliniuliza kwa nini onyo lilichelewa, nikaondoka kwenda kupokea wageni. Hesabu ile ya bosi ndiyo iliyokuwa mpango wa seva, na mpango ule una sahihi mbili, Kaka. Ya pili ni yangu.

Dadako