Maziwa ya Watasema

Jumatatu, 2 Juni

Nimekamua, nimepeleka maziwa kituoni, nimerudi. Mbwa wetu, Watasema, hakuja kunipokea. Jina hilo tulimpa kwa ajili ya majirani. Kalala nyuma ya jiko, anatapika povu. Mzee, mume wangu, kamtazama kidogo, katoa hukumu: "Kalishwa sumu." Mshtakiwa ni jirani, Baba Tuma. Jumamosi Watasema alimla kuku wake, naye akafoka kwenye migomba, "Huyo mbwa wenu ataacha, mtaona." Tumeona.

Jumanne, 3 Juni

Huku kwetu maziwa ni dawa ya kila sumu. Hakuna aliyewahi kuuliza ng'ombe kasomea wapi. Mzee kashika taya, mimi nimemimina. Katapika. Tukamimina tena. Akakohoa, yakatokea puani. Mzee: "Sumu inatoka hiyo." Kisimani Mama Tuma kanisalimu, "Ugonile, dada." Nikaangalia ndoo yangu. Nawachukia wote wawili, na inanipa nguvu.

Jumatano, 4 Juni

Watasema anahema kama anapanda mlima. Nimempigia daktari wa mifugo mjini Tukuyu bila kumuuliza mzee. Kaja na pikipiki, binti mwembamba, buti kubwa. Kabonyeza tumbo, kanishika mkono nami nibonyeze. Kitu kigumu, cha mviringo.

"Sumu mliiona, mama?"

"Hatukuiona. Tulimnywesha maziwa tu."

"Sasa maziwa ya nini?"

Kokwa la parachichi, limeziba utumbo. Wanunuzi wakikataa matunda tunayamwaga nyuma ya jiko, na mbwa anapenda mafuta yake. Kumbe kuua tunaweza wenyewe, bila jirani.

Kokwa, kasema, lingetolewa kwa kupasua. Lakini maziwa yameingia mapafuni, hawezi kumlaza kwa dawa ya usingizi. "Mbwa anayetapika hanyweshwi kwa nguvu, mama. Unatafuta kala nini, unanipigia siku ileile." Kachoma sindano. Hakuahidi kitu.

Alhamisi, 5 Juni

Kafa nikiwa nakamua.

Mzee bado anasema sumu. Keshaitangazia kwaya nzima ya kanisani, kurudi nyuma hawezi.

Baba Tuma kaja na jembe, hakuitwa. Msiba hauna mwaliko, hata wa mbwa. Mzee kaingia ndani kutafuta kofia. Mpaka sasa hajaipata. Tumechimba wawili. Nikamwambia: lilikuwa kokwa, na maziwa yetu. Tulikutaja wewe.

Kafuta udongo kwenye jembe.

"Kina kinatosha, dada?"

"Bado kidogo."

Akaongeza.