Leo Baba Yenu Hanywi Chai

Wanangu,

Leo sijapika chai, na asinune mtu. Nimempeleka baba yenu hospitali akamezeshwe ule mrija wa kupigia moyo picha kupitia kooni, na tumbo linatakiwa liwe tupu. Jana walimrudisha kwa sababu ~~alisahau akanywa chai~~ nilisahau mimi, nikampikia. Naye, akijua fika, akainywa yote ili nisijisikie vibaya, kisha akamwambia daktari kosa ni lake. Mzee huyu!

Akirudi koo litakuwa na ganzi. Msimpe kitu mpaka niseme.

Asubuhi hii amenikuta jikoni nimesimama mikono mitupu, akasema, "Mama watoto, basi nipe kikombe kitupu nikishike tu."

Kwa hiyo kikombe chake msikitafute. Ameondoka nacho.

Mama yenu